Mlango wa Kumi na Mbili

Jumatatu, 9 Machi

Mashine inaondoka Jumamosi. Mjomba ametangaza leo, skrubu tatu mdomoni, kama mtu anayetangaza kwamba chai imepoa. Seremala atakuja na mkokoteni saa nne asubuhi, atalichukua sanduku zima, atalipasua atengeneze kabati. Nikauliza kabati la nini. La vyombo, akasema. La vyombo!

Lazima niandike kwa utaratibu, maana kichwa changu kinaelea.

Mjomba ni fundi redio. Karakana yake ni chumba kimoja: meza ndefu, redio arobaini zilizovuliwa maganda, harufu ya risasi iliyoyeyushwa. Kwenye pembe, kati ya dirisha na mlango, imesimama mashine ya gemu. Ni sanduku la mbao, refu kuliko mimi, lenye skrini kifuani, kishikio chenye kichwa chekundu na vitufe viwili: kimoja cha kuruka, kimoja cha kurusha. Mjomba aliipata ujanani mwake, jumba la michezo lilipofungwa. Tundu la sarafu alilifunga siku hiyo hiyo. Wateja huicheza wakisubiri redio zao.

Ndani ya skrini yumo mwanamke mwenye taa. Urefu wake ni kidole gumba. Uso wake ni vidoti vinne. Anashuka kwenye jumba lililozama chini ya ardhi, anaokota funguo, anaruka mashimo, anawarushia popo mawe, analikwepa gurudumu la jiwe. Milango ni kumi na miwili. Ubavuni mwa sanduku wameuchora ule wa mwisho: umeachwa wazi kidogo, na ufa wake unatoa mwanga wa kijani, kama jua linalopita kwenye jani. Nyuma yake kuna nini, hakuna ajuaye. Mjomba mwenyewe, miaka yote hii, ameishia wa tisa.

Ufa huo nautazama tangu nina miaka sita. Chuoni niliuota mara nyingi kuliko nilivyoota mitihani. Sasa nina shahada, nina barua kumi na moja za kazi ambazo hazijajibiwa, na nina siku tano. Nitauona. Nimeapa mbele ya redio zote.

Jambo la pili, dogo, wala silijali: jedwali la washindi. Huhesabu alama, si milango, na kila mshindi huandika herufi tatu. Mimi ni MIE, nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza ni AAA. AAA ni fundi cherehani wa duka la jirani, tunamwita Pindo kwa sababu hakuna apindaye nguo kama yeye. Hajawahi hata kuchagua herufi. Mashine ikimuuliza jina, anabonyeza tu mpaka inyamaze. Nimeshindwa na mtu asiyejali! Naandika tena: silijali.

Jumanne, 10 Machi

Mpango wa kwanza: elimu.

Nilifaulu masomo yote kwa kuchora. Basi nimechora. Nyuma ya kalenda ya zamani nimeweka jumba zima hadi mlango wa sita, ambao ndio mwisho wangu. Funguo kwa wino mwekundu, popo kwa bluu, sekunde pembeni kwa penseli. Ni ramani nzuri mno. Asubuhi niliitazama kwa muda mrefu hata nikasahau chai. Nilikuwa natembea humo ndani, ngazi baada ya ngazi, na taa yangu.

Nikaibandika kando ya skrini. Mlango wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu nikageuka kuisoma ramani, nayo inasema waziwazi kwamba hapo lipo gurudumu la jiwe. Gurudumu lilikuwepo. Ramani haina kosa hata moja! Mwanamke akalala chini ya jiwe, akapepesa mara tatu, akazimika.

Nimejaribu mara kumi na nne. Nikitazama karatasi, nakufa. Nikitazama skrini, napotea.

Na bibi yupo. Alikuja kuchukua redio yake. Redio ilikuwa tayari saa tatu. Akabaki hadi saa nane ili anicheke vizuri. Akauliza: mke mwenzangu, hao popo wako kwenye kalenda au kwenye mashine? Nikamweleza kwa upole kwamba mtu hawezi kupashinda mahali asipopaelewa. Akasema babu alimwelewa yeye kwa miaka arobaini, na hakumshinda hata siku moja. Mjomba alicheka hadi skrubu zikamtoka mdomoni.

Jioni Pindo kaja kuomba mafuta ya cherehani. Akaitazama ramani, kichwa upande. Akasema imechorwa vizuri, msomi wetu, mtu anaweza kukatia gauni. Kisha akacheza mara moja, amesimama, huku anatazama nje kama kuna mteja. Mlango wa saba.

Silijali.

Jumatano, 11 Machi

Mpango wa pili: sayansi. Sijui nianzie wapi. Naanzia pazuri.

Mjomba akienda kula mchana hukawia saa nzima. Nikafungua mgongo wa mashine. Vumbi laini, joto kidogo, harufu ya vitabu vilivyosahauliwa juani. Nilitarajia nyaya. Nikakuta mji. Bodi ya kijani, pana kama sinia, na juu yake majengo meusi yamejipanga mitaa kwa mitaa, kila moja na miguu yake ya fedha, na vijia vyembamba vya shaba vinapinda bila kugongana. Nyuma ya skrini, shingo ya kioo inawaka rangi ya chungwa. Nikawaza: wote wamo humu. Mwanamke, taa yake, popo, na kile kilicho nyuma ya mlango. Kimelala ndani ya mojawapo ya vibanda hivi vyeusi, shibiri moja kutoka puani kwangu. Kama ningekuwa na urefu wa kidole gumba ningebisha hodi.

Nikakaa hivyo dakika arobaini. Ndiyo maana sayansi yenyewe ilifanyika haraka.

Ukingoni mwa bodi kuna swichi nane, ndogo kama meno ya mtoto. Kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na karatasi ya maelezo. Panya wamekula nusu. Iliyobaki ilisema kwamba idadi ya maisha ya mchezaji huongezwa kwa swichi ya... na hapo panya akashiba. Nikatumia akili. Maisha ni jambo kubwa. Jambo kubwa huwekwa mwanzo au mwisho. Mwanzoni ni kujionyesha. Kwa hiyo ya nane.

Nikaisukuma kwa pini ya nywele. Hakuna kilichobadilika. Nikaisukuma zaidi. Ikalia tk. Kijiti chake kikakatika, swichi ikabaki imelala upande nilioupeleka mimi. Kwenye skrini bado hakuna tofauti. Nikakumbuka mjomba anavyofanya redio zikigoma: nikazima, nikawasha.

Jumba limepinduka! Lote! Maandishi yamesimama kwa kichwa. Mwanamke anatembea darini kama nzi. Nikimpeleka kulia anakwenda kushoto. Nikimwambia apande anashuka. Na kumbe mashine, ambayo mjomba haizimi kamwe, ikizimwa husahau kila kitu: jedwali ni jeupe. AAA hayupo. Nilifurahi kwa sekunde mbili, ndipo nikagundua kwamba MIE hayupo pia.

Mjomba karudi, kijiti cha meno mdomoni. Akaitazama skrini. Akalaza kichwa bega la kulia, akalaza bega la kushoto. Akachungulia nyuma. Akasema swichi ile ni kwa zile mashine za mezani, wachezaji wawili wanapokaa wakitazamana, ili kila mmoja aone sawa zamu yake ikifika. Nikauliza kama inatengenezeka. Akasema anaweza kuing'oa kwa moto, lakini bodi kongwe kama ile ikionja moto huenda isiamke tena, na kwa siku tatu hizi haina haja. Nikamwambia lakini wewe ni fundi! Fundi redio, mpwa wangu, akajibu. Redio hata uiweke miguu juu inaongea vilevile.

Alhamisi, 12 Machi

Mpango wa tatu: fizikia.

Nimeazima kioo cha bibi cha kujitazamia, bila kumsumbua kwa kumwambia. Nikakilaza chini ya skrini, nikainama, nikatazama ndani yake. Juu ikarudi juu! Chini ikarudi chini! Nikakaribia kulia kwa furaha. Kulia na kushoto vikabaki kinyume, kama jana. Nimekufa mara tisa kwenye mlango wa kwanza, wenye popo mmoja tu, tena mzee.

Basi nikaachana na vyombo, nikautumia mwili. Nikaipa mashine mgongo, nikainama hadi kichwa kikafika magotini, nikatazama kati ya miguu yangu. Jumba limesimama sawa! Mikono nikaipeleka nyuma kushika kishikio. Sikufika mbali, lakini nilifika mahali pengine. Kwa sababu pembeni ya mashine upo mlango wa karakana, na kupitia mlango niliiona barabara. Imening'inia. Watu wameshikilia ardhi kwa nyayo zao, na chini yao ni mbingu tupu, ya bluu, haina mwisho. Mwanamke kapita na kikapu kinaning'inia kichwani kwake kama tunda. Baiskeli imeteleza darini mwa dunia. Hakuna aliyeanguka. Nikawaza labda dunia iko hivi kweli, na ni sisi tuliosimama vibaya, ndiyo maana barua hazijibiwi.

Hapo nikaona viatu vyeusi vikiingia, kisha suruali iliyopigwa pasi, kisha redio, na mwisho kabisa, chini, uso wa mwalimu mkuu wangu wa zamani. Nikasema shikamoo mwalimu. Akauitikia mgongo wangu, marahaba. Akaweka redio mezani. Akamwuliza mjomba, kwa sauti ya chini ya mtu aliye msibani, kama nimeshapata kazi.

Kipigo cha kweli kilikuja alasiri. Pindo karudisha chupa ya mafuta, pini mbili zimebanwa midomoni. Akaona skrini. Akashika kishikio. Mlango wa tatu, wa tano, wa saba. Akafia wa nane, na hiyo ni kwa sababu aliitwa na mteja.

Nikamwuliza anawezaje. Akanishangaa. Akasema nguo hushonwa ikiwa imegeuzwa ndani nje. Mkono wa kulia uko kushoto, mbele iko nyuma, kutwa nzima anafanya kazi hivyo miaka kumi sasa. Akasema zamani ndipo mashine ilikuwa inamsumbua, kila kitu kilikuwa upande usio wake. Hata akauliza nani ameirekebisha, ampe asante.

Nikasema ni mimi.

Ijumaa, 13 Machi

Mpango wa nne: diplomasia.

Nilienda dukani kwa Pindo asubuhi. Nikamwambia: wewe mikono, mimi kichwa. Wewe unacheza, mimi nakusomea ramani. Akafikiri. Akasema ana sketi ishirini na sita za shule zinazotaka kukatwa nyuzi. Nimekata nyuzi za sketi ishirini na sita. Kulikuwa na kifungu cha siri, ambacho sikumtajia: tukishinda, mashine ikiuliza jina, herufi nitaandika mimi.

Tulianza saa tisa. Hadi mlango wa sita nilisoma ramani kwa sauti, na kila nilichosema yeye alikifanya kinyume, kwa hiyo kilikuwa sawa. Baada ya hapo hatukuwa na ramani. Pindo anaongea naye, yule mwanamke mwenye taa, sijawahi kujua. Njoo mama, anamwambia. Polepole. Mwache huyo apite. Rukaaa, haya, pole. Mlango wa tisa mjomba akasimama nyuma yetu akaacha kutafuna. Wa kumi ni giza tupu, unaona duara la taa tu, na nje ya duara macho. Mteja akamwita mjomba nje, akaenda akigeuka geuka.

Mlango wa kumi na moja hauna adui. Hauna kitu! Ngazi tu, ndefu, na muziki umekoma. Mwanamke anashuka na mashine inavuma. Nikahisi miaka yangu yote inashuka naye. Nikawaza: hakuna mtu aliyewahi kuandika hiki. Kitapita. Nisipokikamata sasa, kwa maneno yake halisi, kitapotea. Nikatoa daftari hili. Sentensi ni hii:

Na mlango wa kumi na mbili ukafunguka taratibu, na mwanga wa kijani uka

Hapo nikakosa kitenzi. Ukamwagika? Cha ovyo, kinafaa maziwa. Ukachuruzika? Kinafaa bomba. Ukapumua. Ndiyo! Ukapumua. Nikaandika, nikainua kichwa.

Skrini ilikuwa imeandika AAA.

Nikamwuliza Pindo kulikuwa na nini. Palikuwa pazuri, akasema. Nikamwomba afafanue. Pazuri sana, akafafanua. Palionekana kwa muda gani? Muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha akaniuliza kwani mimi nilikuwa wapi, si nilikuwa hapa hapa ubavuni kwake. Nikamwambia nilikuwa naandika. Akanitazama vile anavyomtazama mteja aliyeleta pazia akitaka suruali.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu. Kila ufa wa mlango niliopita ulikuwa na mwanga, na kila mwanga ulikuwa wa kawaida.

Jumamosi, 14 Machi

Saa mbili asubuhi. Pindo hajafungua duka. Amekuja na kusema atacheza tena, mara hii kwa ajili yangu tu, kabla ya seremala. Akatoa sharti moja: leo siandiki. Nimekubali kwa moyo wote. Mjomba yupo. Bibi yupo, amekuja kudai kioo chake, naye akavutiwa, amekalia kasha la redio, anauliza huyo wa kwenye dari ni nani.

Naandika haya katika milango ya mwanzo tu, ambayo nimeiona mara elfu. Nikifika wa saba nafunga daftari.

Wa saba. Nafunga.

Wa tisa. Nimefungua kuandika kwamba nilifunga. Pindo amefia wa nane mara mbili, akaanza upya bila kulalamika. Sijawahi kufanyiwa jambo kama hili na mtu niliyemchukia wiki nzima.

Wa kumi, giza. Seremala ameingia na kamba begani, anaulizia sanduku lake. Bibi amemwambia akae chini anyamaze, kuna mtu anapita gizani. Amekaa.

Nimeweka kalamu sakafuni. (Nimeiokota kuandika kwamba iko sakafuni. Sasa naiacha kabisa.)

Wa kumi na moja. Ngazi. Kimya, mashine inavuma tu. Seremala amevua kofia. Natazama. Leo natazama! Naona kila kitu: kidole cha Pindo kimetulia juu ya kitufe, kwenye miwani ya mjomba kuna vidoti viwili vya kijani, vinakua, vinakua, sasa vimefunika vioo vyote, uso wa bibi umekuwa wa msichana, mdomo wazi kidogo, kijani kimemshukia shingoni kama mtandio, na chumba kizima, redio, kuta, mikono yetu, vyote viko ndani ya jani, na hakuna anayesogea, na

Saa sita mchana. Imeondoka. Mkokoteni umeibeba ikiwa imelala chali, skrini ikitazama mawingu.

Mjomba anasema kulikuwa na maji, na kitu kilichokuwa kikielea juu yake, pengine taa ya yule mwanamke. Anafuta miwani tangu saa nne. Seremala anasema aliona nyumba iliyofungwa milango vizuri sana, miimo imenyooka. Bibi hasemi kitu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu bibi hasemi kitu. Mwishowe akanishika mkono akauliza: mke mwenzangu, umeona kulivyokuwa? Nikasema nimeona.

Na mashine iliuliza jina. Pindo alisogea pembeni makusudi, akaniachia kishikio, niandike langu. Akaniita mara mbili. Nilikuwa nafikia lile neno jani. Muda ukaisha, mashine ikajiandikia yenyewe. AAA.

Hata hivyo si haba. Seremala, akikaza kamba, alisema kinyozi wa upande wa pili wa soko ana sanduku kama hili, la huyohuyo mwanamke wa taa, na picha yake imesimama sawa. Pindo amekubali kunisindikiza, ingawa anahofia itamchanganya. Nimelitafakari kosa langu kwa makini, na nimelipata: kalamu hii ni nzito, inachelewesha.

Jumatatu tunakwenda. Nitabeba mbili nyepesi.